Dakika Ishirini na Mbili

Saa ya jiko inaandika sita na hamsini.
Kwa hesabu ya kwetu ni saa moja kasoro dakika kumi,
na kwa hesabu ya nyumba hii
ni Machano anageuza ufunguo mlangoni,
kofia ya sufu kichwani, harufu ya ghala la matairi mwilini,
nami nimeshavaa sare ya usiku
na juu yake shati lako kuukuu, mafuta yasinirukie.

Basi langu linapita saa moja na dakika kumi na mbili.
Halimngoji mtu. Dereva wa Sunderland
anaweza kukutazama usoni huku anafunga mlango.

Kwa hiyo salamu baadaye. Shika kisu.
Siyo hicho, kile chembamba.
Nyama nimeiweka kwenye friza nusu saa tu,
imekaza kidogo, haitelezi;
ikate kwa kukatisha nyuzi, vipande vyepesi,
kama unachana barua usiyotaka isomwe.

Zamani nilikuwa nikiinjika nyama adhuhuri
ikachemka hadi mtaa mzima ukajua tunakula nini.
Hii haitaki hivyo. Hii, chelewa chelewa,
utaikuta nyama si nyama, ni soli.

Birika linanguruma. Tambi ziko kwenye bakuli
zinajilegeza zenyewe ndani ya maji ya moto,
dakika nne, usizihesabu kwa sauti, unanichanganya.
Mama akisikia tambi kwa nyama atakata simu.
Kwake tambi ni sukari, iliki na tui.
Nilimtajia mara moja mchuzi wa soya,
nikamwonyesha chupa,
akauliza: mweusi hivyo, kafa nani?

Sasa.
Karai limeanza kufuka. Mafuta kidogo. Nyama nusu,
itandaze, usiiguse.
Sikiliza.
Mvua ya hapa hainyeshi, inanong'ona;
lakini hii, juu ya karai la pauni tisa,
ni mvua ya kwetu, ya bati,
ya dakika moja na nusu.

Geuza. Itoe. Nusu ya pili.
Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili hoho
uliyosahau kununua,
basi karoti, basi kabichi ya juzi
na majani ya vitunguu yaliyolalia ubavu.

Halafu king'ora cha moshi, kama desturi.
Unapanda kiti na taulo, unaipepea dari
kama anayefukuza kunguru,
na Doreen wa ghorofa ya juu anagonga sakafu mara mbili,
maana yake nawasikia, au maana yake niwekeeni.
Hatujawahi kumuuliza. Tunamwekea.

Tambi ndani. Nyama irudi kwa wenzake.
Soya, chembe ya sukari, ndimu.
Pindua, pindua,
miiko miwili, viwiko vinagongana,
na hapo, ndani ya mvuke,
ndipo ninapokuona leo kwa mara ya kwanza.
Una doa la grisi chini ya sikio.
Umekonda, au ni taa.

Miezi minane tunapokezana kitanda.
Nikirudi asubuhi umeshatoka,
najilaza kwenye bonde uliloliacha
kabla halijapoa.

Tunakula tumesimama, karai katikati, uma mbili,
sahani ni kazi ya kuosha.
Unasema: chumvi.
Nasema: soya ina chumvi.
Unasema: najua, nilitaka tu kusema kitu.

Saa moja na dakika tisa.
Nakuvisha shati lako begani, lina joto na mafuta,
nakimbia na koti mkono mmoja.
Basi linakuja na taa zake zote.

Usiku, nikimfunika mzee Wilf wa chumba cha sita,
ambaye tangu wiki iliyopita hajasema na mtu,
alishika vidole vyangu akavinusa,
akafumbua jicho moja,
akauliza kama zimebaki.
Kibakuli kimoja, nikamwambia.
Ila ni cha Doreen.